Ekzosi Fupi ya Nzomo

Kitu cha kwanza alichofanya Nzomo baada ya kumzika kaka yake ni kusogeza mbele kiti cha dereva cha Landrova ya marehemu, kwa sababu miguu yake haikufika kwenye breki. Mumbua, binti wa marehemu, alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni akimtazama. Hakuwa msichana wa kusema. Alitoka shule darasa la sita, na mbele ya wanaume sauti yake ilikwama kooni kama tonge la ugali mkavu. Akaingia ndani akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Landrova yenyewe ilikuwa ya mwaka wa sitini na nane, kijani, nyuma imefunikwa turubai, na mabenchi mawili ya mbao ya abiria. Baba yake alikuwa akiitengeneza kila Jumapili baada ya kanisa, na Mumbua ndiye aliyempa spana. Watu wengine walilijua gari lile kwa juu. Yeye alilijua kwa chini. Alijua ekzosi, bomba la moshi, ilivyotoka kwenye injini, ikapita kwenye sailensa, ikaendelea na mkia mrefu mpaka ng'ambo ya bampa ya nyuma, shubiri nzima. Aliwahi kuuliza kwa nini shubiri nzima.

"Kwa sababu kuna watu wanakaa nyuma," baba yake alimjibu akiwa chini ya gari. "Gari ikikimbia, turubai inavuta hewa. Moshi ukitokea hapa chini ya sakafu, unaingia nayo ndani."

Baada ya mvua za El Nino barabara ya Katelembo, kijiji chao, ilibaki mawe na mashimo, na mwezi wa tano sailensa ikapasuka. Nzomo akalipeleka gari kwa Mbithi, fundi wa jua kali pembeni mwa mji wa Machakos, aliyekuwa rafiki wa marehemu. Ilikuwa Ijumaa. Nyuma walikuwa Mumbua na mama yake, Kalondu, ambaye kifua kilimsumbua na kila Ijumaa alitakiwa kliniki.

Mbithi alitoka uvunguni akijipangusa mikono. "Niko na njia tatu," alisema. "Nikuwekee sailensa ingine na huu mkia mrefu, bado ni mzima. Ama niipandishe juu kando ya kebini kama ya trekta, hata ukivuka mto haiguswi na maji. Ama nikate. Bomba tupu, bila sailensa, inaishia hapa chini, mbele ya gurudumu la nyuma."

"Hiyo ya kukata itapiga kelele?"

"Itanguruma mpaka ng'ombe wakate kamba."

"Weka hiyo!" Nzomo alipiga kofi paja lake. "Siku ya soko nikiwa bado kule bondeni, mama wa nyanya wa Kangundo anasikia, anabeba debe, anatoka barabarani. Hizo pikapu zingine zinapita kimya kama paka, nani atajua? Na huo mkia mrefu, kila nikitoka mtoni unagonga mawe."

Hayakuwa maneno ya mpumbavu, na hilo ndilo lililomuudhi Mumbua zaidi. Alisogea hatua moja.

"Baba mdogo, lakini moshi..."

"Mwaitu!" Nzomo akageuka akicheka.

Mumbua alikuwa na jina la nyanya yake, mama aliyewazaa marehemu na Nzomo, kama Wakamba wanavyomwita binti wa kwanza. Ndiyo sababu tangu azaliwe baba yake mdogo alimwita mwaitu, mama yangu. Alipokuwa mtoto jina hilo lilikuwa tamu. Siku hizi Nzomo alilitumia kumfunga mdomo.

"Mwaitu, tuletee chai. Mama ni wa kulisha watoto, si wa kushika spana."

Wanaume wakacheka. Mumbua akaenda kuleta chai. Njiani nusu ya birika ilimwagika, naye akatamani ingemwagika yote, kichwani pa mtu.

Ijumaa iliyofuata Kalondu alirudi nyumbani kichwa kikimgonga. Ijumaa ya pili alitapika kwenye leso yake. Viti vya mbele vilikuwa vya Nzomo na wanaume wenzake, kwa hiyo mama mgonjwa alilala chini, sakafuni, katikati ya madebe, na turubai lilifungwa kwa amri ya Nzomo ili vumbi lisiingie. Vumbi kweli halikuingia. Kilichoingia kilikuja taratibu kupitia nyufa za sakafu, kikakaa.

Ijumaa ya tatu Mumbua aliona mama yake anafunga macho, hajibu. Akapiga bati la kebini kwa ngumi. Akapiga tena, akapiga mpaka vidole vikavimba. Kwa ile ngurumo, Nzomo hakusikia, au alisikia akadhani ni debe. Mumbua akafungua kamba ya turubai kwa meno, akamvuta mama yake kichwa kiwe nje, na hivyo ndivyo walivyofika Katelembo, mwanamke kichwa kinaning'inia nyuma ya gari la mume wake kama mbuzi wa kuchinjwa.

"Ni hicho kifua chake," Nzomo alisema, akimtazama anavyolazwa kitandani. "Na huzuni ya mjane. Wiki ijayo tumfunike blanketi."

Kalondu alipopata nguvu ya kusema, alimwambia binti yake, "Ile gari sipandi tena. Afadhali nifie kwangu."

"Na dawa?"

"Nimesema sipandi."

Dawa zilikuwa za wiki moja tu. Mumbua alizimwaga kwenye kiganja, akazitazama, akazirudisha. Siku nne hakula vizuri. Hasira ilimkaa kifuani kama kaa la moto lililofunikwa majivu, na kila Nzomo alipopita na mngurumo wake, majivu yalipeperuka.

Alhamisi alitembea kwa miguu mpaka kwa Mbithi, ambako Nzomo alikuwa amepeleka gari kukazwa nati. Wanaume walikuwa wakinywa chai: Mbithi, Nzomo, na Hared, mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa akingoja lori lake. Na Mumbua akauona mkia mrefu wa ekzosi ya baba yake. Mbithi alikuwa ameuweka uwe mhimili wa kibanda chake. Ulikuwa umesimama pale umeshikilia mabati.

"Baba mdogo," alisema, "rudisha ile ekzosi ya baba. Moshi unaingia nyuma. Mama atakufa."

"Asi! Mwaitu amekuja!" Nzomo alipiga makofi. "Mpeni mama yangu kiti! Mwaitu, umeniletea uji?"

Hared akacheka kidogo. Mbithi akatazama kikombe chake. Na Mumbua akasikia sauti inatoka, akashangaa kwamba ni yake.

"Nzomo."

Kicheko kikakatika. Hakuna binti wa pale aliyewahi kumwita baba yake mdogo kwa jina tupu.

"Miaka ishirini na moja unaniita mama yako. Mbele ya watu, kila mahali. Basi leo mama yako anakutuma. Ingia nyuma ya hiyo gari."

"Wewe msichana..."

"Ulale chini, pale Kalondu analala. Mbithi ataendesha mpaka kona ya Katelembo. Kama hakuna moshi, mimi sitasema kitu tena mpaka kufa."

Nzomo alikunja uso na mkono wake ukainuka kidogo. Lakini kumpiga mtu ambaye sasa hivi umemwita mama, mbele ya watu wazima, halikuwa jambo dogo. Hared akaweka kikombe chini.

"Wallahi, Nzomo, mama amesema," alisema. "Kwetu mama akisema, unaingia."

"Jina ni jina," Mbithi aliunga mkono, polepole.

Nzomo akajichekesha. "Sawa, mwaitu. Nitapata usingizi huko." Akapanda. Mumbua akalishusha turubai, akafunga kamba kwa fundo ambalo baba yake alimfundisha, akaenda kukaa mbele.

Mwanzoni, kabla Mbithi hajakanyaga mafuta, walimsikia Nzomo akiimba. Halafu kikohozi. Halafu Mumbua akahisi mgongoni bati likitikisika: ngumi. Mbithi akamtazama.

"Nisimame?"

"Bado."

"Mumbua..."

"Bado! Mimi nilipiga mpaka mikono ikafura, nani alisimama?"

Mbithi akaendelea, lakini mguu wake haukuwa na raha. Ngumi zikaja tena, mbili, tatu, kisha moja dhaifu. Kisha hakuna. Mumbua akaogopa, si kwa ajili ya Nzomo tu. Aliogopa jinsi alivyokuwa amestarehe kwenye kile kiti.

"Simama!"

Alikata fundo kwa kisu cha Mbithi. Nzomo alitambaa akaangukia majani ya kando ya barabara, macho mekundu, akatapika chai yote. Alikaa hapo muda mrefu akivuta hewa.

"Ni ile chai," alisema mwishowe. "Maziwa yalikuwa yameharibika."

"Sisi pia tulikunywa," Mbithi alisema.

Waliporudi Mumbua hakungoja mtu. Alienda moja kwa moja kwenye kibanda, akaushika ule mkia mrefu kwa mikono miwili, akaung'oa. Mabati yakaporomoka upande mmoja, Hared akayadaka kwa kichwa na kilemba chake, akilalamika. Mumbua akautupa mkia miguuni pa Mbithi.

"Na sailensa," alisema.

Nzomo alikuwa ameketi juu ya gurudumu kuukuu. "Utagonga mawe," alinung'unika.

"Ukigonga, utashuka uushikilie."

Mbithi akavaa miwani yake ya kuchomelea.

Asubuhi ya Ijumaa gari lilikuja Katelembo kimya, hata mbwa hakubweka. Kalondu hakutaka kutoka ndani mpaka Mumbua alipomshika mkono akamwonyesha bomba, shubiri nzima ng'ambo ya bampa. Kisha Mumbua akafungua mlango wa mbele. Mwanamume aliyekuwa amekaa pale alimtazama Nzomo, Nzomo akatazama usukani, na yule mtu akashuka, Kalondu akapanda.

"Mwai..." Nzomo alianza, halafu akaumeza mwisho wa neno. Alienda mwenyewe kuchukua blanketi.

Mumbua alipanda nyuma na madebe ya nyanya, akafunga turubai. Alikaa karibu na bati la kebini, ngumi ameikunja, akinusa. Kulinuka nyanya, na vumbi kidogo. Mabondeni, mlimani, akaendelea kunusa. Ngumi haikufunguka mpaka gari liliposimama hospitalini.