Meka Bila Matabishi

Mwaka 1993, wakati balitufukuza Kolwezi sisi batu ba asili ya Kasai, tulilala majuma tatu ku gare tukingoja treni. Bibi yangu Tshibola, mama ya batoto bangu, alitoka Kapata, mutaa yetu, na mashini yake ya kushona ku kichwa. Siku chakula ilimalizika, Kalenga alikuja. Alikuwa jirani wetu, na alikuwa amekwisha kuingia na kukaa mu nyumba yetu. Alileta meka moja ya bunga, ile bakuli ya chuma tunapimia ku soko.

"Mama Tshibola, mu treni batakuibia ile mashini. Leta, kamata bunga."

"Tata, ongeza hata matabishi, konzi moja tu ya juu. Batoto bakule."

Kalenga akapitisha kiganja juu ya meka, bunga ikawa sawa na meza. Ile ilimwangika akairudisha mu mufuko.

"Matabishi mutakula kwenu kule!" Akacheka, akabeba mashini.

Tshibola alikufa mu treni. Tulimuzika pembeni ya reli.

Tangu pale nilitembea sana: Mbuji-Mayi, Dilolo, Angola. Niliuza chumvi na samaki ya kukauka. Pombe hapana, chai bila sukari. Mbele ya kununua kitu, nilijiuliza swali Tshibola aliniulizaka kila siku ya mushahara: "Utakitumia mara ngapi?" Viatu nilinunua. Shati ya sikukuu niliacha. Pesa ikakaa, ikingoja kazi moja: kununua ile nyumba na kufukuza Kalenga inje na kitanda yake.

Nilirudi mwisho wa 2008 pamoja na binti yangu Mbombo. Bei ya shaba na kobalti ilikuwa imeanguka, banunuzi balifunga depo bakaenda. Kalenga, pesa yake yote ilikuwa mu mawe ya shaba. Sasa mifuko ya mawe ilijaa mu lupango, kiwanja ya nyumba, na magari mbili bila mafuta.

"Tata Mulumba! Kumbe uko muzima?" Macho yake haikutulia. "Nauzisha. Nyumba, ao mashini ya kusaga, ile ya ku kona. Chagua moja, ingine inibakilie."

"Papa, nyumba!" Mbombo akanishika mukono. "Leo alale inje!"

Nilitamani mpaka mate ikajaa kinywa. Lakini lile swali likakuja. Ile kumufukuza, nitaitumia mara ngapi? Mara moja. Ataenda kwa shemeji yake, atasahau. Lakini mashini ya kusaga ni moja tu mu Kapata nzima, na bunga inauzishwa palepale. Na mutu anakula kila siku.

"Nakamata mashini ya kusaga."

"Unamusamehe?" Mbombo akaanza kulia.

"Ngoja kesho."

Asubuhi Kalenga alikuja na beseni kununua bunga. Nilijaza meka mpaka ikafanya kilima. Nikamuangalia. Nikapitisha kiganja, polepole.

"Na matabishi, tata?"

"Kesho urudi, uulize tena."

Alirudi. Siku ya tatu, Mbombo aliniomba ile meka, apitishe kiganja yeye mwenyewe.