Pasi ya Mkaa kutoka Mtaa wa Mafundi

Usingizi ulimchukua Kashindye alasiri, kichwa akiwa amekilaza juu ya meza aliyoihangaikia mwaka mzima, siku aliyobishana na mkuu wake hadi sauti ikamkauka. Ilikuwa meza ya makumbusho ya mji, pana na nyeupe, na darini juu yake ilifungwa projekta. Ukiweka mezani kitu cha zamani kutoka Mtaa wa Mafundi, mtaa uliobomolewa kupisha barabara, mashine ilikitambua, na nuru ikakichorea mahali pake: kengele ikaleta uwanja wa shule, chetezo kikaleta ua wenye harusi. Vitu hivyo vilitolewa na wenyeji wa zamani, na Kashindye mwenyewe alileta pasi ya mkaa ya marehemu mama yake, aliyewafulia na kuwapigia pasi nguo nusu ya watu wa mtaa ule. "Vitu hivi vinakwaruza meza," alisema Bwana Lugusha, mkuu wa makumbusho. "Virudishwe kwa wenyewe. Picha zinatosha." Kashindye, kwa kuchoka, akajibu, "Haya, mzee. Nakuachia."

Usingizini akajiona yuko kwenye uwanda laini kama kioo, unaong'aa kutoka chini, na mbele yake umesimama Mtaa wa Mafundi mzima, mabati yake na mipapai yake, nguo zikipepea kwenye kamba. Kijana mmoja mtanashati alimjia akitabasamu, miguu yake haigusi ardhi. "Karibu, dada. Mimi ni Urahisi. Kwangu hakuna kinachochakaa wala kinachomlemea mtu." Nyuma yake alifuata mzee mpole mwenye ufagio. "Na huyu je?" Kashindye akauliza. Mzee akajibu mwenyewe, "Naitwa Usahaulifu, mwanangu. Sina ugomvi na mtu. Nafagia tu panapoachwa wazi."

Kibarazani alikuwa ameketi mama yake. Kashindye akakimbia, akapiga magoti, "Shikamoo, mama!" Mama akainua uso, akatabasamu, akapangusa jasho kwa ncha ya kanga. Kisha akainua uso tena, akatabasamu vile vile, akapangusa jasho lile lile. Kashindye akanyoosha mkono kumshika bega. Mkono ukapita kama unapita moshini. "Unataka nini zaidi?" Urahisi akashangaa. "Si unamwona?" Na mzee yule alikuwa ameshaanza kufagia kizingiti cha mlango, taratibu, na pale alipofagia hapakubaki kitu.

Ndipo akaja mwanamke amejitwika mzigo mkubwa, shingo imekaza, ananukia moshi wa kuni. Alikuwa Kumbukumbu. Akautua mzigo kwa kuguna, akatoa humo ile pasi, akamkabidhi. Uzito wake ulimvuta Kashindye mkono chini. Kidole gumba kikaangukia penye bonde dogo la mpini, palipolika kwa kidole gumba cha mama. Hapo mwili wake ukaanza kukumbuka mambo ambayo picha haikuwahi kuyabeba: harufu ya wanga na mkaa, maji yakinyunyizwa kwa vidole juu ya shati la shule, mvuke wa asubuhi ya Jumatatu. Mama akageuka, safari hii akimtazama yeye hasa. "Usiikandamize, mwanangu. Iache itembee yenyewe."

"Mimi na nuru hatuna uadui," Kumbukumbu akasema, huku ufagio wa mzee ukisita. "Nuru ni mgeni mzuri, na mimi napenda wageni. Ila mgeni hukaribishwa na aliyeko nyumbani. Ukiniondolea vitu vyangu vyote, nitamkaribisha wapi?"

Alizinduka mashavu yamelowa, vidole vimeung'ang'ania mpini wa pasi iliyokuwa bado mezani, na kandokando ya mkono wake nuru ilikuwa imechora kibaraza kitupu. Akaelewa kwamba kile alichokubali kwa kuchoka hakikuwa chake peke yake kukikubali. Bwana Lugusha alikuwa upande wa pili, anapanga vitu kwenye boksi.

"Mzee, naomba usivifungashe," Kashindye akasema. "Mama yako alikuwa anatumia nini nyumbani?"

"Tumeshalimaliza hilo, Kashindye."

"Nauliza tu, mzee."

Bwana Lugusha akatazama dirishani. "Kinu," akasema hatimaye. "Alimwomba fundi aukate mchi, uwe mfupi, ili nami, nilipokuwa mdogo, niweze kutwanga naye. Watu walimcheka."

"Uko wapi huo mchi?"

"Tulipohama tuliupiga picha. Nzuri tu, ninayo kwenye simu." Akaitoa simu mfukoni, akairudisha bila kuiwasha. "Mchi wenyewe tuliuchanja kuni."

Viganja vyake vilikuwa vimekunjwa hewani, kimoja juu ya kingine, kana kwamba vimeshika kitu kifupi. Akavitazama kwa muda mrefu. Kisha akainamia boksi, akaanza kurudisha vitu mezani, kimoja kimoja, na kila alipoweka kimoja alingoja nuru imalize kufika ndipo akachukua kingine.