Gramu Themanini

Mdogo wake alipoolewa na kuhamia mbali, mpima macho alibaki na nyumba waliyoishi pamoja miaka kumi na tisa. Alivumilia miezi miwili. Mwezi wa tatu alikwenda kwa daktari wa mifugo kutafuta paka.

Daktari alimwonyesha ndugu wawili wa kijivu, wa wiki tisa, wamelaliana hivi kwamba ilikuwa vigumu kujua mkia upi ni wa nani.

"Chukua wote, Mama Miwani. Wanafundishana. Mmoja aking'ata sana, mwenzake analia na mchezo unakwisha. Hapo ndipo anapojua kipimo. Akiwa peke yake atajifunzia mikononi mwako."

"Mmoja ananitosha."

"Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Mimi ninavyo kumi. Nipe mmoja."

Kazini alizoea kufunika jicho moja ili apime jingine, na majibu yalikuwa sahihi. Hakuona sababu ya paka kuhitaji utaratibu tofauti.

Kila asubuhi alimpima kwa mizani ya jikoni. Siku ya kwanza: gramu mia nane na kumi. Jioni alikuta pazia limeraruliwa na chakula kimebaki. Paka alimng'ata vifundo vya miguu mpaka damu ikatoka, kisha akaenda kukaa mlangoni akilia. Chakula alikuwa nacho, maji alikuwa nayo. Mpima macho alijua kilio hicho kinamwita nani, kwa sababu yeye mwenyewe bado aligeuka kila viatu viliposikika ngazini.

Mdogo wake alipiga simu.

"Dada, nasikia umempa paka kitanda changu."

"Amekikataa. Analala mlangoni."

"Ana akili. Kile kitanda kina bonde." Akacheka. "Na wewe unakula?"

"Ninakula."

Siku ya saba: mia saba na thelathini. Daktari alimkagua paka, hakuona ugonjwa.

"Nduguye nilimpa seremala wa barabara ya pili. Jaribu kumwomba."

Alikwenda na paka wake ndani ya kikapu, hoja zake amezipanga njiani. Seremala alimpeleka sebuleni, ambako mama mkwe wake, aliyevunjika nyonga, alikuwa amelala na paka wa kijivu miguuni.

"Huyo sitoi," seremala alisema. "Tangu aje, mama amepunguza kunigombeza."

"Mchukue huyu mkwe wangu," bibi alidakia. "Nakupa bure, pamoja na misumari yake. Paka mwache."

Mpima macho hakubishana. Alifungua kikapu.

Ndugu wale walinusana, wakaviringika sakafuni. Paka wake aling'ata sikio. Mwingine akapiga ukelele. Wa kwanza akaachia. Ilichukua sekunde mbili. Alilokataa kufundishwa wiki nzima, alilifanya sasa bila kuambiwa. Kisha paka wake akaenda kwenye bakuli la mwenzake, akala mpaka akalilamba.

Bibi hangeachana na paka wake, hilo lilikuwa wazi. Njia ya kuwaweka wawili pamoja ilibaki moja, nayo haikupita nyumbani kwake. Alitazama bakuli tupu muda mrefu.

"Basi wangu naye abaki hapa."

Seremala alimgeukia mama mkwe wake. "Wawili, mama?"

"Miguu ninayo mingapi?" Bibi akamtazama mgeni. "Na wewe, mwanangu, utarudi na nani?"

Mpima macho aliomba karatasi. Aliandika saa za kula, na uzito wa siku saba, mmoja chini ya mwingine. Alipomaliza kuandika, paka walikuwa wamepanda kitandani na kulala, mikia imechanganyika.

"Naweza kukaa kidogo?"

"Kiti hicho rangi haijakauka," seremala alisema.

"Kaa hapa," bibi alisema, akisogeza mguu mzima.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti. Hakuwagusa, wasije wakaamka.