Hotuba Ambayo Mheshimiwa Hakuitoa

Itangazwe kwa umma wote, kwa wafugaji na wafanyabiashara, kwa wenye ngamia mia na wasio na hata kuku, kwamba Mheshimiwa Rage Iftin, Mbunge, alisimama katika Bunge tukufu la Jamhuri akanguruma hadi vumbi likaanguka kutoka darini. Wabunge walishikilia viti vyao. Spika aliomba maji ya kunywa. Historia yenyewe ilisimama kidogo, ikapumua, kisha ikaendelea na safari.

Hayo yote hayakutokea. Kilichotokea, kwa mujibu wa Kumbukumbu Rasmi za Bunge, ni kwamba Mheshimiwa aliomba dirisha lifungwe, na dirisha likafungwa.

Aliyenguruma ni Ruweyda, msichana wa miaka kumi na saba, akiwa ameketi juu ya debe la mafuta lililopinduliwa, katika hoteli ya chai ya Fatumo, mahali paitwapo Harbole, nusu siku kwa lori kutoka Garissa mjini. Ilikuwa Agosti ya mwaka tisini na saba, shule zimefungwa, uchaguzi unanukia.

Ruweyda alisoma katika shule ya bweni ya wasichana huko Garissa, na hapo alijulikana kwa mambo mawili: insha nzuri na adhabu nyingi. Muhula huo alikuwa amebandika tangazo, kwa lugha ya kiserikali isiyo na dosari, kwamba kuanzia Jumatatu uji utatolewa tu kwa wanafunzi watakaouomba kwa maandishi. Wasichana arobaini na wawili waliandika maombi. Mmoja aliambatisha cheti cha kuzaliwa. Ruweyda akahukumiwa kupanga maktaba kwa wiki mbili, na huko ndiko alikokutana na Hansadi, yale mafungu ya kumbukumbu za Bunge yanayotumwa kutoka Nairobi, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyafungua na ambayo mpishi alikuwa ameanza kuyaazima kuwashia moto.

Kwa kukosa la kufanya, aliyasoma. Akamtafuta mbunge wa kwao. Katika miaka minne na nusu Mheshimiwa Rage Iftin alikuwa amesimama mara tatu. Mara ya kwanza ni ile ya dirisha. Mara ya pili aliuliza ni lini Serikali itajenga kivuli cha magari ya wabunge. Mara ya tatu alisimama kwa makosa. Spika alikuwa amemwita mwingine. Kura yake iliyoandikwa kwa jina ilikuwa moja tu, siku ilipoletwa hoja ya kuchimba visima katika wilaya kame. Waliosema Ndiyo walikuwa thelathini na saba, waliosema La hamsini na wawili. Rage Iftin alikuwa kwenye orodha ya La, wa kumi na tisa kutoka juu.

Ruweyda aliomba kurasa hizo azifunikie daftari zake, akapewa. Ndivyo Bunge lilivyofika Harbole.

Aliyeligundua, siku ya Jumatatu, ni Mzee Jelle, mkubwa wa wazee wa hapo, aliyeiona ngao ya Serikali kwenye daftari la hesabu.

"Adeer," alimwita, kwa maana kwao mzee humwita mtoto kwa jina lilelile la baba mdogo ambalo mtoto anamwita yeye, "hicho si kitabu cha Bunge?"

"Ndicho, adeer."

"Mtu wetu yumo?"

"Yumo."

"Basi tusomee. Miaka mitano tunamuuliza anasema nini huko, naye anatujibu: mengi."

Ombi hilo halikuwa la mchezo. Harbole kura haikupigwa na mtu mmoja mmoja. Wazee waliketi, wakazungumza, wakatoa neno moja, na watu mia nne wakalifuata kama mtu mmoja. Neno likishatolewa halikurudishwa kwa miaka mitano. Safari hii lingetolewa Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Ama lingekwenda tena kwa Rage Iftin, ama kwa Abdiwahid, daktari wa mifugo, mtu mpole ambaye sera yake yote ilikuwa kisima.

"Msichana atusomee Bunge?" alisema Mzee Bare, ambaye daima aliketi upande wa kulia wa Jelle. "Kesho mbuzi watatupikia chai."

"Wewe Bare ukipewa kitabu utakishika juu chini," Fatumo alimjibu kutoka kwenye jiko lake. "Nyamaza unywe."

Ruweyda akasoma, akigeuza Kiingereza kuwa Kisomali. Alisoma kwa uaminifu kabisa, kwa muda wa karibu nusu dakika. Dirisha lilipofungwa, wazee wakangoja.

"Halafu?" aliuliza Bare.

"Halafu akakaa."

"Dirisha tu? Au msichana hajui kusoma?"

Hapo ulimi ukamwasha. Shuleni, ukitaka kumcheka mtu mkubwa, unamsifu. Unampandisha juu, juu zaidi, mpaka kila mmoja mezani aone kwamba hakuna binadamu anayefika huko, na kicheko kinaanza chenyewe. Ruweyda akafungua ukurasa mwingine, akakohoa kama mwalimu mkuu siku ya wazazi, akaanza.

"Mheshimiwa Rage Iftin akasimama. Akagonga meza mara tatu. Akasema: Bwana Spika, watu wangu wa Harbole wanakunywa dimbwi moja na punda, na punda ndiye anayeanza, kwa sababu yeye ana haraka ya kwenda kazini. Spika akaomba maji. Mheshimiwa akasema: hata mimi nayaomba hayohayo, tangu mwaka wa tisini na mbili. Ikapigwa kura ya visima. Tisini na moja Ndiyo, tisini La. Kura iliyozidi ni ya Mheshimiwa. Wabunge wakalia. Waziri mmoja akabebwa."

Akangoja kicheko.

Hakuna aliyecheka. Fatumo alikuwa ameshika birika hewani. Mzee Jelle alivua kofia yake, akaiweka gotini, akafuta macho kwa ncha ya shuka.

"Masha Allah," alisema taratibu. "Rudia pale pa punda."

Ruweyda akarudia. Kwani angefanya nini? Bare naye alikuwa amefumba macho, midomo ikimtembea bila sauti, akiyameza maneno moja moja.

Nitawaambia kesho, Ruweyda aliwaza. Ni mzaha mdogo, kesho watacheka.

Lakini kesho yake hotuba ilikuwa imeamka mapema kuliko yeye. Ilikuwa kwenye zizi, ilikuwa kwenye duka la sukari, na ilikuwa imeongezewa chumvi: sasa mawaziri waliobebwa walikuwa wawili. Saa sita mchana ilirudi nyumbani na ayeyo Abshiro, bibi yake, pamoja na punda wawili na madebe manne. Abshiro alikuwa ameondoka kabla ya alfajiri. Dimbwi la karibu lilikuwa limebaki tope, na lile lingine lilikuwa mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi.

"Naa Ruweyda," alisema akifungua kamba, "wewe ndiye uliyesoma?"

"Ni mimi, ayeyo."

"Na wamepitisha visima kwa kura moja? Ya Rage?"

Ruweyda alishika debe, akalitua chini polepole kuliko ilivyohitajika.

"Nilikuwa nimemwambia Jelle neno letu liende kwa yule daktari," Abshiro aliendelea. "Nimepitia kwake sasa hivi nikamwambia nimebadilika. Mimi nimemsengenya Rage miaka mitano, mwanangu, kila nikishika njia hii. Kumbe alikuwa kule anatusemea. Akija nitamwomba radhi."

Aliketi juu ya jiwe, akavua ndala zake na kuanza kujikanda miguu, akitabasamu kama mtu aliyekwisha kuambiwa apumzike.

Siku tatu zilizofuata Ruweyda alijifunza kwamba akili ikibanwa hutoa hoja nyingi na zote laini. Hakuna mwingine Harbole anayejua kusoma Kiingereza, kwa hiyo hakuna atakayejua. Mheshimiwa mwenyewe hatakana. Nani anakana hotuba nzuri? Huenda akaona haya, akachimba kisima kweli. Na kwa vyovyote wazee wasingemsikiliza msichana. Hoja hii ya mwisho ilikuwa dhaifu kidogo, ukizingatia kilichokwisha kutokea. Mara mbili alifika hadi mlango wa hoteli ya Fatumo akiwa na nia ya kusema. Mara mbili alinunua kiberiti akarudi nyumbani.

Ijumaa, sala ya alasiri ilipokwisha, Fatumo alimwita kwa sauti: "Ruweyda! Njoo na Bunge lako!"

Alikuta wazee wote tisa wameketi, chai imemiminwa. Debe lake lilikuwa limewekwa katikati, limepanguswa vumbi.

"Kaa, adeer," alisema Mzee Jelle. "Usome tena."

"Lakini mlikwisha kusikia."

"Tulisikia mara moja. Neno zito lililoletwa na mtu mwingine tunaliomba mara mbili, kwa siku mbili mbalimbali, na watu wawili wanalishika kichwani. Baba yangu alifanya hivyo hata kwa barua ya DC. Safari hii anayeshika ni mimi na Bare."

Ruweyda hakuwa ameujua utaratibu huo. Wasichana hawakai baraza la wazee, na shuleni hakuna somo lake. Alifungua ukurasa. Mbele ya macho yake palikuwa na orodha ya La, imepangwa vizuri kwa safu mbili. Alikohoa, lakini safari hii mwalimu mkuu hakutoka.

"Mheshimiwa akasimama. Akagonga meza mara nne..."

"Tatu," alisema Bare, macho yamefumbwa.

"Tatu. Samahani. Akasema, Bwana Spika, watu wangu wanakunywa maji pamoja na punda..."

"Dimbwi moja na punda," alisema Jelle kwa upole.

"Dimbwi moja. Halafu... ikapigwa kura. Tisini na tatu Ndiyo, tisini na mbili La."

Bare alifumbua macho. "Jumatatu ilikuwa tisini na moja kwa tisini."

Ruweyda aliinamia karatasi kana kwamba ingeweza kumsaidia. Wazee hawa ambao hawakujua herufi moja walikuwa na kila neno lake. Yeye aliyelitunga hakuwa nalo.

"Labda amefungua ukurasa mwingine," alisema Bare, na sauti yake ilikuwa karibu na kusihi. Aliipenda hotuba ile. "Sivyo, adeer? Ni ukurasa mwingine?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno moja, na wangelikubali kwa sababu walitaka kulikubali. Nje, nyuma ya ukuta wa mabati, ayeyo Abshiro alikuwa amesimama na wanawake wengine kusikiliza neno litakakoelekea. Ruweyda aliona ndala zake chini ya bati, na vidole vyenye vumbi la njia ya dimbwi.

"Karatasi haibadiliki," alisema Mzee Jelle. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ndiyo maana tulikupeleka shule. Sasa nani amebadilika?"

"Mimi," alisema Ruweyda. "Hotuba ni yangu, adeer. Niliitunga hapahapa. Nilidhani mtacheka."

"Na punda?" aliuliza Bare.

"Na punda. Yule nilimwona mwenyewe nikiwa na ayeyo. Lakini Mheshimiwa hajawahi kumtaja."

Fatumo alitua birika. Nje ndala hazikusogea.

"Basi soma kilichoandikwa," alisema Jelle.

Akasoma, kidole kikifuata mstari, bila sauti ya mtu yeyote ila yake. Hoja ya visima katika wilaya kame. Ndiyo thelathini na saba. La hamsini na wawili. Akasoma majina ya La moja baada ya jingine, hata yale ambayo hakuweza kuyatamka vizuri, na alipofika la kumi na tisa, la Rage Iftin, alilisoma mara mbili bila kuombwa. Bare alikuwa amefumba macho tena. Midomo yake ilianza kutembea, polepole, ikilishika.

"Neno halitoki leo," alisema Mzee Jelle. "Jumapili utakuja usome tena. Kuna jingine ulilotuongopea?"

Ruweyda alitazama chini ya bati, zile ndala, kisha akamtazama mzee.

"Hili la kura yake nililijua tangu shuleni," alisema. "Nilikuwa nalo mkononi Jumatatu, na nililiruka. Tena mlangoni hapa nimefika mara mbili nikitaka kuwaambia, nikanunua kiberiti."