Mawe ya Virgil Yaliyoiva

Kule maabarani Oleta Stigler alipima mwamba kwa kuangalia mng'ao. Ndani ya mwamba hukaa chembe nyeusi za miti ya kale, na kadiri joto la ardhini lilivyozipika, ndivyo zinavyozidi kung'aa chini ya hadubini. Za mawe ya shemeji yake Virgil hazikung'aa hata kidogo. Akamwambia waziwazi kwamba mwamba wa shamba lake bado mbichi, haujatoa mafuta, na mipekani, ile miti ya njugu ya marehemu Lavonne, isikatwe bure kupisha kisima cha mafuta.

Virgil hakuamini. Lavonne, mkewe, alikuwa dada yake Oleta, na ile miti aliipanda kwa mikono yake. Basi Virgil akaona anazungushwa. Akachukua mawe yaliyobaki, akayapeleka maabara nyingine kule Tulsa. Majibu yakarudi kwamba yameiva barabara. Wakata miti wakaitwa waje Jumatatu.

Jumapili Oleta akaenda kumsihi. Njia nzima alijiuliza kama macho yake yalimdanganya kwa kuipenda ile miti, na wazo hilo lilimuuma kuliko hasira za shemeji. Virgil alimpokea vizuri, kama mtu aliyeshinda kesi. Akamkatia nyama ya kidari iliyolala juu ya moshi kwenye pipa lake la chuma la kuchomea nyama. Oleta akatafuna. Kitu kikamkwama jinoni. Akakitoa, akakifuta, akakigeuza juani. Kilikuwa kijiwe cheusi, na kiling'aa.

"Shemeji, yale mawe uliyopeleka Tulsa, uliyaweka wapi kwanza?"

"Yalikuwa na unyevu. Nikayakausha kidogo kwenye makaa."

"Kidogo mpaka lini?"

"Mpaka nyama ilipoiva."

Oleta akakiweka kijiwe ukingoni mwa sahani. "Basi wenzangu wa Tulsa hawakukosea. Yameiva kweli. Ila umeyapika wewe."

Virgil aligeuka akaitazama mipekani. Alijua moto wa pipa lake ulivyo mkali.

"Mafuta yenyewe sina shida nayo, shemeji," akasema mwishowe. "Kila asubuhi nikifungua dirisha naiona hiyo miti, na yeye hayupo. Nilitafuta sababu ya kuikata ambayo haitakufanya unichukie."

Oleta hakuwa na kipimo cha hilo. Akamsogezea simu, na Virgil akawapigia wakata miti kuwaambia wasije. Kisha akauliza, bila kumtazama, kama Jumapili ijayo atapita tena.

Oleta akasema atapita, ila pipa lioshwe kwanza.