Kipato cha Tsongo

Tangu asubuhi Musoki alikuwa ameketi nje ya mahakama ya Bwera, bintiye Loyi amelala mapajani mwake. Ilikuwa mwaka 1968. Kwamba Tsongo ndiye baba wa mtoto, hakuna aliyebisha, hata Tsongo mwenyewe. Kilichobaki ni kujua uwezo wake, ili aambiwe alipe kiasi gani cha matunzo. Hapo ndipo palipomtisha Musoki. Tsongo akionekana fukara, mtoto hatapata kitu. Akionekana tajiri, atasema apewe mtoto amlee mwenyewe, na ukoo wake wote utamuunga mkono, maana kwa desturi yao mtoto ni wa baba.

Kesi yao ilipoitwa ndani, Tsongo aliingia miguu mitupu, amevaa kaptura iliyochanika. Musoki hakuwahi kumwona hivyo tangu aanze biashara ya samaki.

"Kazi yako?" hakimu akauliza.

"Mimi mchukuzi tu, mzee. Nabeba samaki ya watu kutoka Kasenyi, kule ziwani, mpaka hapa mpakani. Siku ingine napata, siku ingine nalala njaa."

"Samaki ya nani?"

Tsongo akamwonyesha kwa kidole Hilaire, mfanyabiashara wa Beni, ng'ambo ya mpaka, aliyemleta kuwa shahidi wake.

Hakimu akamgeukia Musoki. "Na wewe unasemaje? Anapata kiasi gani?"

Angeweza kusema hajui, akarudi nyumbani na mwanawe. Lakini Loyi alikuwa ametoka kuugua surua, mbavu zinahesabika, na dawa zilinunuliwa kwa mkopo.

"Pesa yake sijaiona, mzee," akasema kwa sauti ndogo. "Ila ana baiskeli za kubebea samaki, na watu anaowalipa waziendeshe. Nyumba yake ni ya mabati."

Hilaire akaitwa, akapewa Biblia. Aliishika akikwepa macho ya Tsongo.

"Unisamehe, Tsongo," alisema hatimaye. "Juu ya Biblia siwezi kudanganya." Akamgeukia hakimu. "Bwana juge, huyu haiko mubebaji wangu. Ni yeye anatuuzishaka samaki, sisi bote ba ngambo."

Tsongo akasimama, na ule unyonge wote ukamtoka. "Haya, niko na mali. Basi mtoto atakula kwangu. Namchukua leo."

Musoki alimkumbatia Loyi kwa nguvu hata mtoto akaamka akilia. Hakimu alingoja kilio kipungue.

"Sasa hivi umesema kwamba unalala njaa," akamwambia Tsongo. "Mtu aliyekana mali yake ili asimlishe mtoto, simpi mtoto. Atabaki na mama yake. Na kwa kuwa umeficha mapato yako, nitakukadiria kwa baiskeli zako, kwa watu unaowalipa na kwa hayo mabati. Ukiona nimezidisha, leta hesabu zako."

Akataja kiasi. Tsongo akakaa chini taratibu.

Hesabu hakuzileta. Alilipa kupitia kwa karani, mara nyingi akichelewa, na Loyi akaanza shule akiwa na sare yake. Lakini kwa miaka mingi, Musoki akisikia sauti ya mwanamume uani, kwanza alimwita mtoto ndani, ndipo akachungulia ni nani.