Vizimba vya Houefa

Kabla hakujapambazuka, Sessi alisikia krr-krr ng'ambo ya ukuta: sungura wa jirani yake Houefa walikuwa wakitafuna majani. Roho ikamchoma. Tangu sungura hao waje, wajukuu zake walishinda kwa Houefa, naye bibi yao akabaki na donge lake la akasa, ugali wa mahindi yaliyochachuliwa, anakula peke yake. Kulipokucha akaenda kumshtaki kwa bwana mifugo kwamba kelele za sungura zinamnyima usingizi.

Bwana mifugo alifuatana naye hadi kwa Houefa, akavikagua vizimba, akamwambia Houefa:

"Kufuga sungura wa nyama nyumbani kunaruhusiwa, mama. Ila vizimba visiegemee ukuta wa jirani, isipokuwa jirani mwenyewe aridhie. Uwanja wako mdogo, huna pa kuvisogeza. Asiporidhia, itabidi uwauze."

Houefa alimgeukia Sessi, machozi yakimlengalenga. Wajukuu nao wakamtazama bibi yao, kila mmoja kapakata kitoto cha sungura.

"Mimi nimeridhia," Sessi akasema kwa aibu. "Wakae."

Bwana mifugo alipoondoka, Houefa alimsogezea Sessi kigoda, akampakulia mchuzi.

"Dada, masikio yako yameshinda ya sungura wangu! Ungeniita tu hapo ukutani, ningekukaribisha zamani. Hawa watoto kutwa nzima ni bibi, bibi. Kesho uje tena, tafadhali."